Muhula wa Januari katika Shule ya Kimataifa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Masomo, Michezo na Maisha ya Mwanafunzi

Shule nyingi za kimataifa jijini Nairobi hufuata kalenda inayoanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba na kumalizika Juni au Julai, tofauti na shule za mtaala wa kitaifa ambazo mwaka wao hufunguliwa Januari. Kwa sababu hiyo, muhula ambao Ulaya na Marekani Kaskazini huwa wa theluji, hapa kwetu huangukia kiangazi: Januari na Februari ni miezi ya jua kali na vumbi, na masika hubisha hodi mnamo Machi, wakati muhula umeshaelekea ukingoni. Ndani ya wiki zipatazo 11 au 12 hujazwa mitihani ya majaribio, uchaguzi wa masomo ya mwaka unaofuata, mashindano ya michezo, mazoezi ya tamthilia, safari za nje na makataa ya vyuo vikuu. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka mtoto wake auvuke muhula huo akiwa na afya na furaha, na wa mwanafunzi mkubwa anayeweza kujipangia mwenyewe. Jambo ninaloliamini kuliko yote ni kwamba shughuli zichaguliwe baada ya kuhesabu saa za usingizi na za barabarani, wala si kabla.

Hatua ya kwanza: Hesabuni saa za siku moja ya kweli

Kabla ya kufungua orodha ya vilabu, kaeni mezani, mzazi na mtoto, mwandike siku moja ya shule jinsi ilivyo. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa 10 anayeishi Syokimau na kusoma upande wa Gigiri. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, basi linamchukua saa kumi na mbili kasorobo, na masomo yanaanza saa mbili. Kipindi cha mwisho kinaisha saa tisa na dakika ishirini. Akiwa na klabu atabaki hadi saa kumi na nusu, apande basi la pili saa kumi na moja kasorobo, na kwa msongamano wa jioni afike nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Kuoga, kula na kupumzika kidogo kunamfikisha saa moja na nusu. Kazi za nyumbani za saa mbili zinamfikisha saa tatu na nusu, na hadi apange mkoba na kuzima taa ni saa nne. Amebakiwa na saa 7 za kulala, ilhali wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12.

Siku isiyo na klabu, mwanafunzi huyo huyo hupanda basi la kwanza na kufika nyumbani karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo anaweza kulala saa tatu bila kuacha kazi yoyote. Tofauti hiyo ya jioni mbili ndiyo inayopaswa kuamua idadi ya vilabu. Kwa anayeishi mbali, jioni mbili za shughuli kwa wiki zinatosha, na zisifuatane. Kwa anayeishi Runda, Muthaiga au Westlands na kusoma jirani, jioni tatu hazina madhara. Najua wapo wazazi watakaoona kiwango hiki ni kidogo, hasa wakizingatia karo wanayolipa. Hata hivyo, mtoto anayesinzia katika kipindi cha tatu haipati thamani ya karo hiyo, hata akiandikishwa katika vilabu vyote vya shule.

Ulizeni pia maswali matatu kuhusu usafiri, nayo yajibiwe kwa maandishi. Basi la pili lina vituo vilevile vya la kwanza, au mtoto atashushwa mbali na nyumbani? Je, linapita barabara ya kulipia ya Expressway, iliyoanza kutumika mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, na ni nani anayelipa ada yake? Na mchezo wa ugenini ukichelewa kumalizika, mtoto atarudishwa hadi kituo chake au mzazi atamfuata shuleni? Jibu la swali la tatu ndilo linaloleta mvutano mwingi siku za mashindano, kwa sababu mzazi aliye kazini Upper Hill hawezi kufika Karen kwa nusu saa jioni ya Ijumaa.

Hatua ya pili: Bandikeni ukutani tarehe zisizosogea

Shughuli nyingi za shule husogezwa, lakini zipo tarehe ambazo hazimsubiri mtu. Zitafuteni katika wiki ya kwanza ya Januari na kuziandika kwa wino mwekundu.

Kwa wanaosoma mfumo wa Kiingereza, mitihani ya majaribio ya IGCSE (ya mwisho wa mwaka wa 11) na A-Level (ya mwisho wa mwaka wa 13) hufanyika Januari au Februari, na mitihani yenyewe huanza mwishoni mwa Aprili au Mei hadi Juni. Usajili wa mitihani hiyo kwa kawaida hufungwa mnamo Februari, na anayechelewa huongezewa ada. Shule ikileta karatasi ya kuthibitisha usajili, lisomeni jina herufi kwa herufi mkililinganisha na pasipoti au cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kurekebisha jina baada ya cheti kuchapishwa ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa wanaosoma Diploma ya IB (International Baccalaureate), mitihani yao ni Mei, na muhula huu ndio wa kukamilisha kazi zinazosahihishwa na walimu wao pamoja na insha ndefu isiyozidi maneno 4,000. Atakayeingia Februari akiwa na kazi tatu ambazo hazijakamilika, aache klabu moja wiki hiyo hiyo.

Wanaoomba vyuo vya Uingereza wafahamu kwamba makataa makuu ya maombi huwa Januari, na tarehe yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya kawaida katika siku 15 za kwanza za Januari na kutoa majibu mnamo Machi. Wiki ya majibu ni nzito kwa mtoto wa miaka 17. Msimpangie safari wala sherehe siku hizo, na msimuulize matokeo mbele ya wageni.

Wanafunzi wa mwaka wa 9 huchagua masomo ya IGCSE katika muhula huu. Nawasihi wazazi wasiliondoe somo la Kiswahili kwenye orodha kwa kudhani halina uzito. Bodi ya mitihani ya Cambridge inalo somo la Kiswahili katika IGCSE, na IB inalo katika Diploma, kwa hiyo mtoto anaweza kuliendeleza hadi mlango wa chuo kikuu. Mtoto anayekulia Nairobi na kushindwa kuzungumza na nyanya yake kwa simu amepoteza kitu ambacho hakuna klabu itakayomrudishia. Iwapo shule haifundishi somo hilo katika ngazi mnayoitaka, ulizeni kabla ya siku ya uchaguzi kama mwanafunzi anaweza kufundishwa na mwalimu wa nje na kufanyia mtihani shuleni hapo.

Hatua ya tatu: Chagueni shughuli kwa uzito wake

Sasa fungueni orodha ya vilabu. Wekeni kwanza ile ambayo ni sehemu ya cheti au sharti. Mwanafunzi wa Diploma ya IB anatakiwa kuonyesha ushiriki wa miezi 18 katika ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma. Sehemu hiyo haitolewi alama, lakini asiyeikamilisha hapewi Diploma, hata akiwa na alama nzuri namna gani. Klabu moja iliyochaguliwa vyema inaweza kutosheleza zaidi ya upande mmoja. Mwanafunzi anayewafundisha kuogelea watoto wa darasa la chini, kwa mfano, anafanya mazoezi na huduma kwa wakati mmoja, mradi aandike tafakuri yake kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mwaka.

Mpango mwingine unaostahili nafasi ni Tuzo ya Rais, ambayo ndiyo sura ya Kenya ya tuzo ya kimataifa ya Duke of Edinburgh. Ilianza nchini mwaka 1966 na iko wazi kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Ina ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na kila ngazi ina huduma, stadi, mazoezi ya mwili na safari ya nyikani. Ngazi ya shaba hudai angalau miezi 3 kwa kila moja ya sehemu tatu za kwanza, saa moja hivi kwa wiki, na moja kati ya hizo iendelezwe hadi miezi 6. Muhula wetu haufiki miezi 3 kamili, kwa hiyo anayeanza wiki ya tatu ya Januari atalazimika kuendelea wakati wa likizo. Ndiyo maana napendekeza daftari la kumbukumbu lifunguliwe wiki ya kwanza, na mshauri wa kila sehemu atafutwe mapema.

Baada ya hayo ndipo huja mchezo wa msimu, muziki, tamthilia, mdahalo au mfano wa Umoja wa Mataifa, yaani klabu ambamo wanafunzi huigiza vikao vya umoja huo. Klabu hiyo ya mwisho ina mvuto wa pekee Nairobi, kwa kuwa makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa na ya lile la makazi yapo Gigiri, na si wanafunzi wengi duniani wanaosoma mwendo mfupi kutoka kwenye ofisi hizo. Klabu hii hudai usomaji mwingi wa kimyakimya. Anayeichukua pamoja na tamthilia, ambayo mazoezi yake huongezeka wiki mbili kabla ya onyesho, atajikuta hana jioni hata moja. Achague mojawapo muhula huu na aiache nyingine kwa Septemba.

Hatua ya nne: Uandaeni mwili kwa jua na kwa mfungo

Nairobi ipo takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu mwa ikweta. Hewa ya baridi ya asubuhi huwadanganya wengi, lakini jua la saa sita hapa huchoma ngozi hata siku yenye mawingu. Katika siku zinazokaribia tarehe 20 Machi huwa utosini kabisa. Mtoto anayecheza magongo au raga adhuhuri avae kofia kila anapokaa nje ya uwanja, apake mafuta ya kukinga jua dakika 20 kabla ya kutoka, na abebe chupa ya maji ya lita moja yenye jina lake. Familia iliyohamia Januari kutoka mji wa pwani au wa ng'ambo ulio chini impe mtoto wiki mbili hivi za kuzoea mwinuko kabla ya kumtaka akimbie mbio ndefu. Kuhema na kuumwa kichwa siku za mwanzo si uvivu.

Chakula cha kabla ya mazoezi husahauliwa. Kati ya chakula cha mchana na basi la pili kuna saa nne au zaidi, na duka la shule huuza zaidi vitu vya sukari. Kipande cha nduma au cha kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi mbili na mfuko mdogo wa njugu katika mkebe wa pili vinatosha. Vyote hupatikana sokoni na huandaliwa usiku.

Katika miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya muhula huu: mwaka 2026 ilianza Februari, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza Februari tena, kwa kuwa mwaka wa Hijria hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka. Nairobi mfungo ni wa takriban saa 13 na nusu, kuanzia alfajiri hadi magharibi karibu saa moja kasorobo jioni. Mwanafunzi anayefunga na kupanda basi la pili anaweza kukutwa na adhana akiwa Mombasa Road, hivyo abebe tende na maji mkobani na dereva ajulishwe mapema. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, mzazi amwandikie mwalimu mlezi barua fupi inayotaja mambo manne: kwamba mtoto atafunga, kwamba mazoezi mazito yahamishiwe kwenye jukumu jepesi kama vile kuhesabu muda au kufundisha wadogo, mahali pa kusalia adhuhuri, na mahali pa kukaa wakati wa chakula cha mchana mbali na harufu ya jikoni. Shule nyingi hukubali zikiombwa. Zisipoombwa, mtoto hujikuta akimweleza mwalimu wa michezo mbele ya timu nzima, jambo ambalo hakuna kijana anayelipenda. Daku nayo hubadilisha hesabu ya usingizi tuliyoifanya mwanzo, kwa hiyo jioni za vilabu zipunguzwe hadi moja.

Hatua ya tano: Safari za karibu na za mbali

Ukavu wa Januari na Februari ndio unaoufanya muhula huu ufae safari za nyikani. Vilima vya Ngong na Msitu wa Karura vinatosha kwa mazoezi ya siku moja. Karura, ambayo Profesa Wangari Maathai na wenzake waliitetea isinyakuliwe, ina njia zilizowekewa alama na inawafaa hata watoto wa shule ya msingi. Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, unataka viatu vilivyokwisha kuvaliwa, maji ya kutosha na kuanza mapema, kwa maana njia ya kuzunguka ukingo wa kreta haina kivuli. Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kipo mita 4,985, na hapo shule isiyotenga usiku wa kutosha wa kuzoea mwinuko isipewe idhini yenu. Someni ratiba ya kulala, siyo ya kupanda tu.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, hakikisheni inataja uwiano wa walimu kwa wanafunzi, jina la anayebeba dawa, hospitali iliyo karibu na njia hiyo, na kama bima inagharamia kubebwa kwa ndege ya dharura. Mzio na pumu viandikwe hata kama shule inavijua tangu zamani, kwa kuwa kiongozi wa safari anaweza kuwa mgeni kwa mtoto.

Shule kadhaa huwapeleka wanafunzi Ulaya kuteleza kwenye theluji au kutembelea makumbusho. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wenzake wenye pasipoti nyingine huenda wasihitaji chochote, na shule ikazoea kupanga kwa mwendo wao. Mzazi Mkenya aulize tarehe ya viza siku safari inapotangazwa, aombe barua ya shule na idhini ya wazazi wote wawili, na asilipe malipo yasiyorudishwa kabla ya kujua pasipoti ina uhai wa kutosha. Koti zito, glavu na soksi za sufu hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba kwa anayekwenda mapema asubuhi, na zikifuliwa vizuri hazina kasoro.

Hatua ya sita: Huduma inayodumu

Hapa nitasema wazi. Ziara ya alasiri moja kwenye makao ya watoto, yenye mikate, picha na nyimbo, inawafaa zaidi wageni kuliko wenyeji. Mkakati wa kitaifa wa Kenya wa mageuzi ya malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwarudisha watoto katika familia, na shule haina budi kwenda na mwelekeo huo. Huduma bora ni ile ya wiki baada ya wiki na mahali pamoja: kusomeana vitabu na wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani, kupanda na kisha kumwagilia miche, au kuwasaidia wazee wa mtaa kutumia simu kwa huduma za serikali mtandaoni (eCitizen). Mwanafunzi aulize wenyeji wanahitaji nini kabla ya kupanga. Picha ya mtoto wa mwenziwe isipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya mzazi wake, kwani hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai hivyo.

Hatua ya saba: Marafiki, fedha na wanaokuja au kuondoka

Januari huleta wanafunzi wapya ambao wazazi wao wamehamishiwa Nairobi katikati ya mwaka, na huwaondoa wengine vivyo hivyo. Mtoto anayebaki hupoteza rafiki bila mtu kumpa pole. Mwacheni aage kwa utaratibu, amwandikie mwenzake barua, na wiki ile asilazimishwe kuchangamka. Mgeni naye asiachwe atafute meza ya chakula peke yake. Mwombeni mwalimu mlezi amteulie mwenyeji wa wiki mbili anayesoma naye masomo mengi. Lugha ya uwanjani hapa huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na mgeni akifundishwa salamu na maneno machache ya utani wa kawaida hupokelewa upesi.

Fedha ndilo suala ambalo wazazi hulikwepa. Katika darasa moja wamo watoto wa mabalozi, wa wafanyabiashara, wa walimu wa shule hiyo na wa wanaosoma kwa ufadhili. Mwaliko wa Jumamosi kwenye jumba la maduka la Village Market unaweza kugharimu mtoto mmoja kitu kidogo na mwingine matumizi ya wiki ya familia. Wekeni kiasi cha mwezi, kitumwe kwa M-Pesa siku moja inayojulikana, na mtoto afundishwe sentensi ya kukataa bila aibu: "Wiki hii sina nafasi, njooni kwetu Jumapili." Mzazi mwenye uwezo naye ana wajibu wake: sherehe ya nyumbani yenye chapati, maharagwe ya nazi na mpira uwanjani huwaalika wote, lakini ile ya hoteli huwachuja.

Kwa wanaolala bweni, mkubaliane siku mbili za kupiga simu badala ya kila usiku, na Ijumaa ya kurudi nyumbani isijazwe wageni wa familia.

Hatua ya nane: Machi na kufunga shule

Mvua za masika zikianza, siku ya michezo na maonyesho ya nje huahirishwa mara kwa mara, na barabara hufurika. Muwe na mtu wa pili, aliyeandikishwa shuleni kwa jina na kitambulisho, anayeweza kumchukua mtoto iwapo ninyi mmekwama. Viatu vya akiba vikae shuleni ndani ya mfuko wa plastiki mgumu.

Ripoti ikija, ianze kusomwa na mtoto mwenyewe, kisha mrudie ile karatasi ya saa za siku mliyoiandika Januari na kuamua klabu ipi isiendelee Aprili. Kwa aliye mwaka wa mitihani, zote zisimame isipokuwa mazoezi ya mwili. Na iwapo familia inakusudia kumhamisha mtoto Julai, someni mkataba sasa. Shule nyingi hudai notisi ya maandishi ya muhula mzima, kwa hiyo barua lazima ifike kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa tatu; isipofika, mtadaiwa karo ya muhula ambao mtoto hatausoma.